Matt Gleeson Tu

Duka la Hickey,
Njiapanda ya Gleeson,
Kilmoyra, Tipperary.
Alhamisi, 25 Novemba 2004

Mpenzi Nonie,

Salamu zangu nyingi zikufikie hapo kitandani ulipo, pamoja na wauguzi wako wote, hasa yule wa Jamaika ambaye uliniandikia kwamba anakuchana nywele kila asubuhi. Nyonga inaendeleaje? Wameshakuruhusu kusimama, au bado wanakugeuza kama mkate? Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na kile kikohozi changu kinachokuja na Novemba na kuondoka na Pasaka. Najua Bwana Looby wa gari la maiti alikupigia simu huko Coventry kukuambia kwamba ndugu yako amezikwa salama. Nilimwomba akuambie hilo tu, na mengine aniachie mimi. Imenichukua wiki nzima kuyaandika.

Kwanza nikupe habari za huku, maana najua utanung'unika nikikupeleka makaburini kabla hujavua koti. Hapajabadilika kitu ila vibao. Baraza la wilaya limetuletea vibao vipya, na sasa mgeni akiingia Kilmoyra anavuka Daraja la Gleeson, anapita Kisima cha Gleeson, anapanda Mlima Gleeson, anateremkia Njiapanda ya Gleeson, na akiishiwa petroli anaweza kwenda kulia kwenye kilabu cha Gleeson, chini ya picha ya Kombe la Gleeson ambalo vijana wetu wa mpira wa magongo hawajalishika tangu mwaka 1978. Tufaa la Gleeson bado lipo, chachu vilevile. Sasa kuna na mbwa wa mbio anayeitwa Gleeson, ambaye ameshika mkia mara nne mfululizo. Mwingereza mmoja aliingia dukani mwezi uliopita akaniuliza huyo Gleeson alikuwa nani, mtu mkubwa namna hiyo. Nikamwambia alikuwa mwizi wa bata. Akaliandika kwenye kidaftari chake, akanishukuru.

Tuna padre mpya pia, Padre Sebastian, kijana mpole kutoka Kerala huko India, ambaye tangu afike hajavua skafu. Jumapili yake ya kwanza alimwomba Bwana Gleeson asogee mbele asome somo. Wanaume kumi na mmoja wakasimama. Siku ya pili akaja dukani na daftari la parokia akitaka nimweleze kwa nini kila jina lina mkia: Gleeson Siagi, Gleeson Bata, Gleeson Kengele. Nikamwambia tuko nyumba thelathini na nne za jina moja, na nusu ya wanaume ni akina Matt na Denis, kwa hiyo bila mkia huna pa kumshikia mtu. Nikamwambia mkia huo unaandikwa shuleni, unaandikwa kwenye daftari la wapiga kura, na siku unapokufa unasomwa redioni ili watu wajue ni wewe. Akauliza kama ni majina ya heshima. Nilicheka. Nikamweleza jinsi bibi yake Siagi alivyouza siagi yenye jiwe ndani, na jinsi babu yake Bata alivyoingia kanisani na bata wa wizi ndani ya koti, na bata akalia kengele ilipogongwa. Padre alicheka mpaka skafu ikamtoka. Halafu kidole chake kikafika kwenye nyumba yenu.

Akauliza, "Na huyu Gleeson Kamba? Walikuwa wasokota kamba?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia babu yenu alikuwa fundi mkubwa wa kamba. Ndivyo nilivyo, Nonie, unanijua.

Sasa tuje kwa Matt. Tangu Pasaka hakuonekana chini. Shamba la miti ya serikali limeizunguka nyumba yenu pande zote, na ukitaka kumwona mtu kule juu lazima umfuate. Nilimfuata mara mbili, sitakudanganya niseme zaidi. Mara ya kwanza alinikaribisha chai. Mara ya pili mapafu yalikuwa yameshamshinda, nikampigia daktari, wakamchukua kwenda Limerick. Barua yako ya Septemba ilinifikia wiki hiyohiyo, ile uliyoandika kwa penseli. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Uliniomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba Matt akifa, mimi ndiye niandike tangazo, na redioni asomwe Matt Gleeson tu, bila ule mkia. Ulisema ameuvaa miaka arobaini na moja na hutaki auvae mpaka mbele ya Mungu. Jambo la pili nitalifikia.

Alifariki Jumapili ya tarehe kumi na nne, asubuhi. Muuguzi alisema hakuhangaika. Jumatatu nikapiga simu redioni. Yule msichana wa matangazo ya vifo ana sauti ya asali na kichwa kizuri, akaniambia, "Mama, Gleeson yupi? Watu wa Kilmoyra huwa mnatupa jina la pembeni, la sivyo simu zinatuua hapa." Nikasema Matt Gleeson tu. Akauliza mahali. Nikasema Knockbrack. Akauliza ameacha nani. Hapo nilinyamaza kidogo, halafu nikasema aandike ndugu na jamaa. Misa saa sita mchana Jumatano, maziko mara baada ya Misa. Akaniuliza mara ya pili kama ndio yote. Nikasema ndio yote.

Likasomwa Jumanne jioni na Jumatano asubuhi, safi kabisa, kama ulivyotaka. Kilmoyra nzima ikaacha vijiko hewani. Matt Gleeson wa Knockbrack! Sasa Nonie, Matt Gleeson wa Knockbrack ni wawili, wewe unajua tangu utotoni. Na yule mwingine, Matt Bata, mzee wa miaka sabini na minane, alikuwa amelazwa Limerick hospitali ileile kwa ajili ya kibofu, na watu hawakujua kwamba alitoka Ijumaa. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mara mbili. Walisema masikini Bata, kibofu kimemmaliza.

Jumatano saa tatu asubuhi magari yalikuwa yamepangwa kuanzia darajani mpaka kwenye lango la Bata. Birdie Siagi alitangulia na paja zima la nguruwe lililochemshwa, na nyuma yake pai za matufaa, mikate, chupa za wiski, na viti vya kukodi kutoka ukumbini. Wanaume wamevaa tai nyeusi. Birdie hakubisha hodi, nyumba ya msiba haibishwi hodi, akasukuma mlango wa jikoni huku ameshaanza rozari. Na Bata yuko mezani na fulana, anagonga yai lake la kuchemsha.

Birdie mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwa simu, dakika tano baadaye, akicheka mpaka hapumui. Bata aliwatazama wote na zile nyuso zao akauliza, "Nani kafa?" Akauliza tena. Ndipo Denis Kengele akavua kofia akasema, "Wewe, Matt. Tumekusikia redioni." Bata akafikiri kidogo, akamwangalia yule nguruwe mikononi mwa Birdie, akasema, "Basi weka hapo mezani. Na hiyo wiski. Siku zote nilitaka kujua nani angekuja."

Nakwambia ukweli, nami nilicheka. Hata sasa nikiandika midomo yangu haikai sawa. Walimwinua wakamketisha kwenye kiti kikubwa, wakapanga foleni wakampa mkono mmojammoja kwa pole ya kifo chake mwenyewe, naye akawa anawauliza walimpenda kiasi gani. Tangu siku hiyo hakuna anayemwita Bata tena. Anaitwa Marehemu. Wajukuu zake watakwenda shule na jina hilo.

Lakini kabla Birdie hajakata simu nilisikia sauti ya mtu nyuma yake ikiuliza, sasa kama si huyu, basi ni nani. Halafu sauti nyingine, nadhani ya Denis, ikasema, "Basi ni Kamba." Wakaguna. Mmoja akasema mvua inaanza. Mwingine akasema nyama imeshakatwa. Na Denis akasema maneno haya, ninakuandikia kwa sababu nimeapa kukuandikia yote: "Kamba hatakosa kitu. Kazoea peke yake." Wakacheka, Nonie. Hawakucheka sana, lakini walicheka. Birdie akaniuliza mimi nafikiri waende au wasiende. Ilikuwa saa tatu na nusu. Misa saa sita. Nikamwambia watu wakae, mvua ni kubwa.

Kwa hiyo mazishi ya Matt yalikuwa hivi. Kanisani tulikuwa wanne: padre, Bwana Looby na kijana wake wa kazi, yule Mpolandi mwenye mabega. Wa nne nilikuwa mimi. Padre Sebastian alitoka mlangoni mara tatu kutazama barabara, akaniuliza kama saa yake iko sawa. Aliisoma Misa yote bila kuruka hata mstari, na alipofika kwenye jina alisema Mathew Gleeson, akaona sikuinua kichwa, akalisema tena kwa sauti kubwa zaidi kana kwamba kanisa limejaa. Nilimpenda kwa hilo. Hakukuwa na wa kuimba. Jeneza linataka wabebaji sita, na sisi tulikuwa wanne, mmoja wao akiwa mwanamke wa miaka sitini na minne mwenye magoti mabovu. Tulilivuta kwa kigari mpaka kwenye lango la makaburi, na kutoka hapo tukalibeba kwenye tope, tukilipumzisha juu ya makaburi ya watu. Padre aliteleza mara moja. Jeneza halikuanguka.

Kaburini Bwana Looby alipitisha kamba mbili chini ya jeneza. Kila kamba ina ncha mbili. Mpolandi akashika moja, Looby moja, padre akaweka kitabu ndani ya skafu akashika ya tatu. Wakanitazama. Looby akasema, "Samahani, Mama Hickey, hakuna mwingine," akaniwekea ncha ya kamba mkononi, akanionyesha namna ya kuizungusha kwenye kiganja ili isiponyoke. Nikamteremsha ndugu yako. Ngozi imechunika, ndiyo maana mwandiko wa ukurasa wa kwanza unayumba, ila utaona unavyotulia kadiri ninavyoendelea.

Sasa lile jambo la pili uliloniomba. Uliandika hivi: "Nenda kwenye kaburi la baba yako, umwambie nimemsamehe, nilimtemea mate viatuni mbele ya kanisa na sasa ninakufa sitaki kwenda na hilo." Umenitaka niende, na nilikwenda, siku ileile, kaburi lake liko hatua thelathini kutoka la Matt. Lakini kabla sijakuambia nilichosema pale, nirudi nyuma.

Baba yenu Tim alijinyonga bandani mwaka 1951, wewe na mimi tukiwa na miaka kumi na mmoja. Naliandika neno lenyewe mara moja tu, sitalirudia. Kilmoyra nzima ilijua, na Kilmoyra nzima ikasema alianguka kutoka kwenye ngazi. Daktari akaandika ngazi, padre wa wakati ule akahubiri ngazi, akazikwa ndani ya ukuta pamoja na wazee wake, na hakuna aliyewahi kuwatazama ninyi kwa jicho la pembeni. Watu haohao waliokula nguruwe wiki iliyopita. Walilitunza neno lile miaka kumi na miwili bila kuteleza, hata kilabuni, hata siku za ugomvi wa mipaka. Sijawahi kuwaona wakifanya jambo jema lingine kwa pamoja.

Halafu ukaja mwaka 1963. Matt ametimiza ishirini na mmoja, anaingia kwenye daftari la wapiga kura kwa mara ya kwanza, na pale Knockbrack tayari yuko Matt Gleeson Bata. Baba yangu ndiye mwalimu, na ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha. Orodha ikabandikwa kwenye mlango wa posta ili watu waikague, na hapo, kwa wino mweusi: Gleeson, Mathew (Kamba). Watu walisimama mbele ya ule mlango wakaondoka bila kusema. Siku ya tatu walianza kusema. Sheria iliruhusu jina kurekebishwa, lakini mwenyewe tu ndiye angeweza kupinga, mbele ya karani wa wilaya, siku ya baraza, na aeleze kwa nini jina si sahihi. Mama yako alisema hatasimama Matt mbele ya watu kueleza. Kwa hiyo likachapwa. Likanakiliwa mwaka uliofuata, na uliofuata.

Wewe ulikuwa uolewe na Con Hickey baada ya Krismasi. Mama yake Con alikuwa anauza kila kitu dukani humu, na kamba zilining'inia hapo juu ya kaunta, hapo zilipo hata leo. Unakumbuka wale wachezaji wa magongo walivyoingia siku ya Jumamosi, wewe ukiwa umesimama karibu na mizani, na yule mkubwa wao akasema, "Mama Hickey, nipimie yadi moja ya Gleeson. Iwe ya kubeba mtu." Unakumbuka hakuna aliyemkemea. Mama yake Con alikwambia hapohapo kwamba hawezi kukaa kaunta moja na mkwe anayeitwa Kamba, wateja hawatamwacha apumue. Con alisimama mlangoni na gunia la unga begani. Januari ukapanda meli. Gauni la harusi ukaniachia mimi, ukasema labda litanifaa. Lilinifaa, Nonie. Nililipunguza kiunoni.

Watu walimlaumu baba yangu. Walimvunjia dirisha la darasa. Wewe ukamtemea mate. Yeye alisema mbele ya kila mtu kwamba ni kosa lake, na hakusema zaidi mpaka alipokufa mwaka 1971.

Baba yangu hakuliandika jina lile. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu mwaka ule, na mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa. Yeye alisoma kwa sauti na mimi niliandika, mezani jikoni, na pembeni ya wino kulikuwa na gauni lako ambalo nilikuwa nalipinda ukingo, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa niwe msimamizi wako. Alipofika kwa Matt alisema, "Andika wa Tim, jina la baba yake linatosha." Nikaandika Kamba. Sikuteleza. Nililiandika polepole, nikalipulizia likauke, naye akatia sahihi chini bila kusoma kwa sababu alikuwa ananiamini.

Nilikuchukia. Con alicheza dansi na mimi kwanza, majira ya joto mwaka 1961, akanisindikiza mpaka darajani mara tatu, na mara ya nne nilikwambia uje nawe ili uone jinsi alivyo. Ndivyo nilivyokuonyesha. Na wiki ile ya orodha, ukijaribu gauni, ulinishika shavu ukasema, "Usijali Josie, na wewe utampata wako, hata awe mjane." Ulisema kwa mapenzi, najua. Nililala na maneno yale siku nne.

Siku orodha ilipobandikwa baba alikuja nyumbani, akaketi, akaniomba nimwonyeshe mikono yangu. Nikamwonyesha. Kulikuwa na wino kwenye kidole. Akaniambia niende kunawa. Kuanzia mwaka uliofuata aliandika mwenyewe, herufi zimepinda zinapandana, na kila mwaka alilazimika kuliandika neno lile kwa mkono wake kipofu.

Nilimpata Con. Tulikaa miaka thelathini na mitatu, bila mtoto. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Kuna jambo moja tu: hakuwahi kupima kamba. Mteja akiomba kamba, Con aliacha alichokuwa anafanya, akaita, "Josie, kamba," akasimama kando mikono nyuma mpaka nimalize kupima na kukata. Miaka thelathini na mitatu nilidhani ni kwa sababu anakukumbuka wewe, na hilo niliweza kuishi nalo. Alipofariki mwaka 1998 nilifungua kitabu chake cha Misa kutafuta picha za wafu wake, na ndani yake nikakuta ile karatasi ya orodha. Unakumbuka wiki ya pili ilinyofolewa mlangoni pa posta, na watu wakasema ni Matt? Alikuwa Con. Alikuwa amezoea kusoma mwandiko wangu kwenye orodha za vitu nilizoleta dukani tangu utoto. Alijua kabla hajanichumbia.

Na kuhusu tangazo. Nilitii neno lako, lakini kutii siko kulikonifanya nikae kimya msichana alipouliza ameacha nani. Ningesema dada yake Nonie wa Coventry, Kilmoyra nzima ingejua ni nani, na kanisa lingejaa. Lakini wangejaa wakikuzungumza wewe, na gauni, na mwaka 1963, na mimi nimesimama katikati yao. Kwa hiyo nilimzika Matt kimya ili nisizungumzwe. Nyumba yenu nimeifanyia hivi mara mbili sasa.

Nilimwuliza Padre Sebastian kama nikuandikie. Alisema nisikuandikie. Alisema nimwambie yeye kwenye sanduku la maungamo, anipe kitubio, na nikuache ufe ukiwa na rafiki. Alisema kukuambia sasa ni ukatili mwingine kwa ajili ya raha yangu. Nadhani yuko sahihi. Lakini wewe ulikuwa umeshatuma msamaha, Nonie, na ulinituma mimi niupeleke.

Nilisimama kwenye kaburi la baba na tope mpaka kwenye soksi, na sikumwambia. Hakuna kosa lake la kusamehewa. Kwa hiyo ninakurudishia msamaha wako humu ndani ya bahasha, pamoja na ile karatasi ya mlangoni. Iweke kando ya barua hii utazame. Mwandiko haukubadilika sana. Kama kuna mwingine unayetaka kumpa huo msamaha, anwani yangu unayo. Kama hakuna, andika kwa padre au redioni, waambie jina la kuniita, nami nitaitika.

Bwana Looby anauliza kuhusu jiwe la Matt. Nimemwambia asubiri neno lako. Pale makaburini akina Mathew Gleeson wameshakuwa watatu.

Basi wasalimie wauguzi, kunywa dawa zako, na usiwaache wakuwekee mto mgumu. Birdie anakusalimu, na Matt Marehemu anakusalimu, hawajui ninachokuandikia. Mvua bado inanyesha.

Ni mimi, niliyekuwa rafiki yako,

Josie Gleeson wa Mwalimu